Mirija Isiyo na Jina

Kwa miaka yote niliyomjua, Daktari hakuwahi kumaliza kikombe cha chai dukani mwangu. Namwekea, anakishika, anapiga funda mbili akiwa wima, simu inalia, na huyo! Pikipiki inanguruma, vumbi linaingia mpaka kwenye chumvi ya ng'ombe, na mimi nabaki na nusu kikombe cha kumwaga. Nikimlalamikia ananijibu akiwa tayari barabarani, kwa hiyo sijawahi kulisikia jibu lenyewe. Alinikera sana, sitasema uongo. Pia alinichekesha siku ambazo sikuwa na sababu yoyote ya kucheka.

Udaktari hakusomea. Kazi yake ni kuwawekea ng'ombe mbegu, kuanzia hapa Kasikeu mpaka kule karibu na Wote, na kwetu mtu yeyote anayevaa glavu inayofika begani na kuingiza mkono ndani ya ng'ombe bila kukunja uso, huyo ni daktari. Mimi nina duka la dawa za mifugo hapa sokoni. Jina lake halisi nalijua, lakini sijawahi kulitumia, na nikimwita nalo leo nadhani hata hatageuka.

Haraka yake ilikuwa na sababu. Ng'ombe akionekana na joto la kutaka dume asubuhi, jioni ndiyo saa yake, na ukijivuta mpaka kesho mchana umempoteza, mwenye ng'ombe atangoja tena wiki tatu akinywa chai ya rangi. Basi mtu huyu aliishi kama anayefukuzwa. Kanisani alikaa mwisho wa benchi, karibu na mlango. Harusini alikula amesimama, sahani mkono mmoja, simu mkono wa pili. Kuna Jumamosi aliitwa ghafla akaondoka na ufunguo wa kanisa mfukoni, sisi wengine tukafanya kikao cha harusi nje kwenye jua kali, mama mmoja akitabiri kwamba ndoa yenyewe itakuwa hivyo hivyo. Aliporudi alitupa pole zote kwa pumzi moja na kuuliza kama kuna aliyeona kofia yake.

Lakini mtazame anapofika kwa ng'ombe. Nilienda naye mara moja kwa jirani yangu, na haki ya Mungu, nilidhani ni mtu mwingine. Alimwaga maji ya uvuguvugu kwenye kikombe, akayapima kwa kiwiko, kama mama anayetaka kuogesha mtoto mchanga. Yalikuwa bado moto, akaongeza baridi, akapima tena. Ndipo akachomoa mrija mmoja kutoka kwenye chupa ya baridi aliyokuja nayo, mrija mwembamba kuliko kijiti cha kiberiti, akasoma jina la dume, akamsomea na mwenye ng'ombe asikie, akautia kwenye maji mbegu iyeyuke, akangoja. Alikuwa na subira yote iliyokosekana kwingine. Ng'ombe mwenyewe alimwambia maneno ya Kikamba polepole, maneno ambayo sikuwahi kumsikia akimwambia binadamu.

Mtungi wenyewe wa mbegu, anakojazia chupa hiyo, ulikaa dukani kwangu, kwa sababu gari linaloleta naitrojeni, ile gesi ya baridi inayozuia mbegu zisife, hupita hapa sokoni na haliwezi kufika kwake. Ni mtungi wa alumini wenye shingo nyembamba, ukifunguliwa unatoa moshi. Sheria yake ilikuwa moja: hakuna anayeugusa. Kila asubuhi aliingiza kijiti, akakitoa, akaangalia ukungu umefika wapi. "Gesi iko," anasema, badala ya kunisalimia. Mimi namjibu, "Na wewe pia, wi museo, u mzima?" Hapo ndipo anakumbuka kwamba duka lina mtu.

Kisha akaugua. Alitokwa na uvimbe shingoni, watu wakasema ni jino, wengine wakasema ni baridi ya pikipiki, mpaka akaambiwa Nairobi kwamba ni kansa ya tezi. Alikuwa na mke wa mwaka mmoja tu. Alitibiwa kwa dawa za kemo miezi mingi, akarudi kichwa kikiwa kitupu kama kibuyu, amevaa kofia ya sufu kwenye jua la Kasikeu. Tulimshukuru Mungu, tukachinja mbuzi. Aliula mguu wa mbuzi huyo akitembea.

Miaka ikapita na mtoto hakuonekana. Unajua vile watu wetu walivyo. Mkewe ni fundi wa nguo, mpole, sauti yake huisikii mpaka asimamishe cherehani, na ndiye waliyeanza kumtazama tumbo. Hakuna aliyemtazama yeye Daktari. Mtu aliyejaza boma zote hizi ndama, atakosaje mtoto? Wakulima walikuwa wakiita ndama jina lake! Ungesikia mzee anapiga kelele huko bondeni, "We Daktari, toka kwenye mahindi!" na ujue ni fahali mdogo.

Siku moja mhubiri mgeni alikuja kanisani kwetu, akaita wanawake waliofungwa tumbo wapite mbele. Kina mama wa kwaya wakamsukuma mke wa Daktari, taratibu, kwa upendo, ule upendo wetu wa kusukuma watu. Akaenda, akapiga magoti. Mhubiri alikuwa ndiyo anamwekea mkono kichwani, Daktari akatoka pale kwake karibu na mlango, akatembea mpaka mbele, akachukua kipaza sauti.

"Mchungaji, samahani," akasema. "Mnamwombea mtu mzima wa afya. Mgonjwa ni mimi. Dawa ya kansa ilikausha mbegu zangu, nimepimwa, hakuna hata moja. Kama ni maombi, nipeni mimi, huyu mwacheni."

Wueh! Neno mbegu, kanisani, kwa kipaza sauti! Kina mama wakajificha nyuma ya vitabu vya nyimbo. Mzee wa kanisa akashikwa na kikohozi kisichoisha. Na kabla mhubiri hajapata la kusema, simu ikalia mfukoni mwa Daktari, ng'ombe wa mtu huko. Safari hiyo hakukimbia peke yake. Alimwinua mkewe, akamshika mkono, wakatoka pamoja, na nilimwona kupitia dirishani akimfunga vizuri leso kabla hajampandisha pikipiki.

Kwa baba yake alikuwa muoga. Mzee aliishi upande wa Kitui, na kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa baba yake. Akishapewa, babu anamwita mwenzake, anamtania, anajisikia amepata mtu wa kushika mahali pake. Mzee huyo aliambiwa habari za kansa lakini hakuambiwa habari za mbegu. Kila Daktari akienda kumwona, swali lilikuwa lile lile: "Mimi nitaitwa lini?" Na Daktari, yule yule wa kipaza sauti, alikuwa akimjibu, "Karibu, mzee, karibu." Akirudi kutoka Kitui hasemezeki siku nzima.

Ndipo akaingia kwenye habari za seli shina. Aliziita seli mama. Alinieleza akizunguka duka langu, akigusa hiki, akipangua kile: kwamba ndani ya mwanamume kuna seli ambazo kazi yao ni kuzaa mbegu kila siku, kwamba kemo huziua hizo mama zenyewe, na kwamba kuna wataalamu ng'ambo wanaojaribu kuzirudisha mahali pake zianze kazi upya. Kiingereza kikimshinda alimngoja mwanangu Mutua, kijana wangu wa pekee, aje likizo kutoka chuo cha ufundi cha Kitui anakosomea stima. Mutua alikuwa akimtafsiria neno kwa neno, na Daktari anatikisa kichwa, na kabla sentensi haijaisha ameshauliza swali lingine.

Halafu, jamani, mtu huyu huyu! Mtu aliyemgombeza mkulima mbele ya watoto wake kwa kumnywesha ng'ombe majani ya kuchemsha ati ashike mimba. Alipanda ngazi za jengo fulani, mji sitautaja, lenye bango la mtoto mnene anayecheka na maandishi ya tiba ya seli shina, akachomwa sindano mbili. Alirudi na homa na uvimbe, hawezi hata kukaa kwenye pikipiki. Nilimjia juu.

"Wewe!" nilimwambia. "Wewe unayemsomea kila mtu jina la dume, uliwauliza hizo seli zimetoka kwa nani?"

Alitazama sakafu. "Sikuuliza, Mama Mutua."

"Kwa nini?"

"Niliogopa watanijibu."

Nikaacha kumgombeza. Nikampa dawa ya kushusha homa, ya watu, si ya ng'ombe, na nikampeleka hospitali mwenyewe.

Sasa nije kwa mambo yangu, maana ndiyo yaliyonionyesha mtu huyu ni nani. Mwaka jana Mutua alikuja nyumbani amekonda. Daktari aliingia dukani, akamshika shingo akimsalimia, kwa vidole vile vya kukagua ndama, akasimama. "Leo hii," akaniambia. "Si kesho. Leo." Alikuwa sahihi, na mpaka leo sipendi kukumbuka jinsi alivyokuwa sahihi. Ilikuwa kansa ile ile ya tezi. Tukaambiwa Nairobi kwamba inatibika, na kwamba dawa zitaanza wiki itakayofuata. Baba yake Mutua alienda Mombasa zamani akapata nyumba nyingine huko, hilo tuliache. Nilikuwa peke yangu. Nilikuwa na hofu mpaka nikimpimia mteja dawa ya kupe nampa ya minyoo.

Daktari akaja, chai hakuigusa kabisa. Akarudisha mlango nusu.

"Wamekuuliza habari ya mbegu zake?"

"Nani aniulize mambo kama hayo? Mimi nataka mtoto wangu aishi!"

"Ataishi. Mimi si niliishi? Nakuuliza baada ya hapo."

Nikaanza kulia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Yeye akaenda akasimama kando ya mtungi wake, akaweka mkono juu ya kifuniko, na akanieleza jambo ambalo hata mkewe hakuwa amelijua kwa miaka.

Kabla hajaanza kemo, hakuna aliyemwambia kwamba zitamkausha, ila kazi yake ilimfanya ashuku. Kumuuliza daktari wa kike pale hospitali aliona haya. Basi akafanya anavyojua. Alitafuta mirija mitupu, akachanganya mbegu yake mwenyewe na kiini cha yai na dawa nyingine kama wanavyofanya ya madume, akaigandisha polepole juu ya moshi wa gesi, akaitumbukiza kwenye mtungi huu huu, katikati ya Friesian na Ayrshire. Mirija ya madume ina majina. Yake hakuiandika.

"Ningeandika nini?" akasema. "Niliifunga uzi mwekundu tu."

Huo uzi mwekundu niliukumbuka. Alipokuwa amelazwa, mvua ilikata barabara na gari la gesi halikuja. Mtungi ukaanza kukauka. Mwenzake wa kazi kutoka upande wa Sultan Hamud, kijana mwema, alivuka matope na mtungi mdogo, akasema nafasi ni chache, tuokoe ya maana. Mimi nilishika tochi. Yeye alichomoa na kusoma: huyu wa maziwa, huyu wa kustahimili kiangazi, huyu ghali sana. Alipofika kwenye ile ya uzi mwekundu aliigeuza, akatafuta jina, hakuna. "Hii ni ya kufanyia mazoezi," akasema, akaiacha. Tuliokoa madume yote. Tulifurahi kweli kweli, tukampigia Daktari simu wodini tumpe habari njema.

"Nilisema nini?" Daktari akaniuliza.

"Ulisema asante."

"Nilisema asanteni sana," akanisahihisha. Akafunga kifuniko ambacho kilikuwa kimefungwa tayari. "Na sijui kama ingefaa, Mama Mutua. Mbegu ya mtu si ya ng'ombe, pengine niliiua mwenyewe wakati wa kuigandisha. Hilo ndilo haliniachi nikae. Sijui, na sitajua."

Mama wa Kikamba hazungumzi na kijana wake aliyetahiriwa mambo ya sehemu hizo. Hata ingekuwa kufa, ulimi ungenigoma. Daktari alilijua hilo bila kuambiwa. Alimwita Mutua nyuma ya magunia, na mimi nikajifanya napanga chupa.

"Kijana, kazi yangu unaijua. Kwa hivyo usinionee haya."

"Sawa, Daktari."

"Hiyo dawa inaweza kukuacha kama mimi. Kabla hawajakuchoma, tunaenda mahali Nairobi, unawaachia mbegu, wanaiweka kwenye gesi."

Nikamsikia Mutua akikwaruza gunia. Kisha akasema: "Mimi nataka kupona tu. Mtoto wa nini saa hii?"

"Nani amesema saa hii? Wangu ndio hawangoji, wana mikia. Huyo wako anaweza kungoja hata miaka kumi."

Nikasikia mwanangu akicheka. Sikuwa nimesikia kicheko chake tangu tupate majibu. Nikarudia kupanga chupa zile zile.

Madaktari wake hawakukataa. Walisema ni jambo la kawaida, siku chache hazitaharibu kitu, na wakatuelekeza. Daktari alikwenda naye, mimi nikabaki kwenye benchi la nje, na nashukuru sikujua linalofanyika huko ndani. Mutua alipotoka, Daktari aliwaomba wamwonyeshe mtungi. Msichana wa mapokezi akasema wageni hawaruhusiwi. Daktari akazunguka, akakaza uso kwenye kioo cha mlango, akarudi. "Ni kama wangu," akaniambia. "Mkubwa tu. Na wameandika jina. Nimewasikia wakilisoma mara mbili."

Siku hiyo hiyo nilimlazimisha aulize na lake. Mtaalamu wa pale alikuwa kijana mstaarabu, akamwambia ukweli. Seli mama zinaweza kutolewa kabla ya dawa, zikahifadhiwa, zikarudishwa baadaye. Wanalifikiria hasa kwa watoto wa kiume ambao bado hawajabalehe, wasio na mbegu ya kuhifadhi, na hata hilo bado ni la kujaribiwa. Kwa mtu ambaye hakuna kilichohifadhiwa, kutengeneza mbegu kutoka kwa seli nyingine za mwili, bado wako maabara. Anayemwahidi leo kwa sindano anamdanganya.

"Bado wako maabara," Daktari akarudia. "Sawa. Na mimi bado niko." Akaomba ruhusa atoke kidogo, tukamkuta kwenye maegesho akikagua gurudumu la gari la mtu asiyemjua.

Mutua alipigwa na dawa zile vibaya, sitazieleza. Zimeisha. Nywele zimerudi zikiwa laini kuliko za mwanzo, na sasa anafunga stima kwenye maduka mapya ya Wote. Vipimo vya baadaye vilionyesha alichoogopa Daktari. Dawa zilikuwa zimemkausha naye, labda kwa muda, labda kabisa, hakuna anayejua. Kilicho cha hakika ni kile kilichoko kwenye gesi Nairobi.

Na gesi hiyo ilimnyima Daktari usingizi kuliko mwenye mbegu. Kila mwezi alikuwa akiwapigia simu.

"Nauliza kama mtungi umejazwa."

"Wewe ni nani, mzee?"

"Daktari."

"Wa hospitali gani?"

"Wa Kasikeu. Wa ng'ombe."

Na wanakata. Hawakukosea, mambo ya mtu ni siri yake. Lakini yeye alizunguka duka langu akilalamika kwamba watu wanaojua kazi yao hawaogopi kuulizwa, na mimi namwambia, hebu mwache msichana wa watu afanye kazi.

Mwezi uliopita baba yake alikufa. Tulimzika kule Kitui, kanisa letu lilijaza basi. Siku chache baadaye Daktari aliingia dukani, akaangalia mtungi, hakusema kama gesi iko. Mutua alikuwa juu ya ngazi akinibadilishia taa.

"Mzee ameenda," Daktari akasema. "Mara ya mwisho aliniuliza tena. Nikamwambia karibu."

Nikamwekea chai. Aliishika, akaiweka chini, akaishika tena. Mutua akashuka ngazi.

"Daktari, umewapigia wale wa Nairobi mwezi huu?"

"Si huwa wananikatia."

"Wapigie."

"Wacha leo, kijana. Sina nguvu ya kukatiwa."

"Wapigie tu. Nilipita pale wiki ile nyingine, wakaniuliza nani mwingine wa kupewa habari. Niliwaambia."

Daktari akamtazama, kisha akanitazama mimi, na mimi nikatazama dawa ya kupe kwa sababu hata mimi sikuwa nimeambiwa. Akapiga. Alikuwa akitembea kama kawaida yake, kutoka mlangoni hadi kwenye mizani, kutoka kwenye mizani hadi mlangoni, sauti ya msichana ikisikika mpaka kwangu.

"Mzee, wewe ni nani wake?"

Akasimama. Mutua akasema polepole, "Waambie."

"Mimi," Daktari akasema, akaanza upya. "Mimi ni baba yake."

"Ndiyo, baba, tumekuona hapa kwenye faili. Uliza."

Mutua akamgusa mkono.

"Gesi iko?" akauliza.

"Iko, baba. Tumejaza juzi."

Akashusha simu. Nyuma yake kulikuwa na gunia la chakula cha ng'ombe, na Daktari akakaa juu yake, akavua kofia, akaiweka gotini. Simu ikaanza kulia tena, ng'ombe wa mtu bila shaka. Aliiacha ilie. Alichukua kikombe, akanywa polepole mpaka mwisho, akaninyooshea niongeze.